Salamu Juu ya Mikono

Otilia alikasirika Jumamosi ya sita, na mtu wa kwanza aliyemkasirikia alikuwa yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote, maana huna pa kuipeleka.

Siku hiyo, saa kumi alasiri, sebule yake pale Bagara ilijaa watoto kama kawaida. Walikuwa wanane, wote viziwi, binti yake Noela na wenzake wa darasa, na walikuja kumwangalia Fundi Haribu kwenye televisheni. Kipindi hicho kilirushwa moja kwa moja na kituo kidogo cha kebo cha hapo mjini Babati, nusu saa nzima bila neno la mdomo hata moja. Fundi Haribu mwenyewe alikuwa Tadeo, mdogo wake Otilia, seremala wa Mutuka, kiziwi tangu homa ya utotoni. Katika kipindi cha kwanza aliwaeleza watoto kwa lugha ya alama jinsi atakavyoutengeneza mlango, taratibu, kwa majivuno ya fundi mkuu asiyekosea. Kisha mlango ukamwangukia. Ukiyaondoa yale maelezo ya mikono unabaki na mtu aliyeangukiwa na mlango, na hilo halimchekeshi mtu mwenye akili zake.

Mji mzima ulikipenda kipindi. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, haujatimiza miaka kumi, watu wamekuja Babati kutoka kila pembe kutafuta maisha, na kumwona mtu wa Mutuka kwenye televisheni kuliwafanya wote wajione wenyeji. Jumamosi ya kwanza tu Otilia alivimba kwa fahari, akashika simu, akatuma meseji kituoni: “Salamu zimfikie Noela wa Bagara, mpwa wa Fundi Haribu.” Nickson, mwenye kituo, akaipitisha chini ya picha kwenye ukanda mwembamba wa njano. Noela alipoliona jina lake aliruka mpaka akavunja kikombe.

Jumamosi ya pili salamu zilikuwa kumi na mbili. Sasa ukishawafungulia watu wetu mlango wa salamu, nani ataufunga? Mama Antonia wa Bonga aliwasalimia wakwe zake wote, mmoja mmoja. Mzee Paskali aliisalimia kwaya, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Akazuka mwingine aliyejiita Asiyezeeka, huyo akawa anawasalimia wote wanaomfahamu na wasiomfahamu. Nickson akaongeza mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Ukanda ukapanda kama ziwa wakati wa masika, ukapita kiuno cha Tadeo, ukafika kifuani. Kwa Jumamosi tatu mfululizo mikono yake haikuonekana.

Watoto hawakulia. Afadhali wangelia. Walikaa wakitazama kichwa cha Fundi Haribu kikihangaika juu ya majina ya watu. Hiyo Jumamosi ya sita Noela aliinuka, akaisogelea televisheni, akaanza kuukwangua ukanda kwa kucha kama anabandua karatasi kwenye chupa. Alikwangua kwa nguvu, kwa bidii, akiamini utatoka. Kisha akageuka na kumwuliza mama yake kwa mikono: “Mjomba anasema nini?”

Otilia hakujua. Na yeye alikuwa anatazama ukanda uleule.

Jumatatu asubuhi alikiacha cherehani chake na nguo za watu juu yake, akaenda kituoni kwa Nickson.

“Habari za kazi, Bosi.”

“Nzuri, Mama Noela, karibu kiti. Umeona lakini? Salamu mia moja na saba! Fundi wetu anawika.”

“Anawika bila mikono. Ukanda wako umeifunika.”

“Si uso unaonekana?”

“Bosi, mikono ndiyo mdomo wake. Wewe ungembandika plasta ya mdomo msomaji wa taarifa ya habari?”

Nickson alicheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Otilia, maana mtu mbaya unajua pa kumshika. “Mama Noela, viziwi hapa Babati wako wangapi? Hizo salamu ni upendo. Watu wanawapenda hao watoto. Halafu tusidanganyane, salamu ya kwanza kabisa ilitoka kwa nani? Ninayo hapa kwenye kompyuta. Nikusomee?”

Kikulacho ki nguoni mwako. Otilia aliaga, akatoka, akatembea mpaka nyumbani uso ukimwaka. Alimlaani Nickson, akamlaani Asiyezeeka, akawalaani wakwe wa Mama Antonia ambao hawajawahi kumkosea, na kila alipomaliza orodha alijikuta amebaki mwenyewe.

Zaidi ya hayo, Tadeo hakujua. Hakuwa na televisheni, na kila Jumamosi saa kumi alikuwa studio mbele ya kamera. Ukanda uliwekwa kwenye kompyuta, chumba cha pili. Alicheza akiamini watoto wanamwona wote, kuanzia kofia mpaka buti, na dada yake akamwacha aamini hivyo wiki baada ya wiki, akijidanganya kwamba salamu zitapungua.

Alimwomba Eliya, mpiga kamera, amnakilie kipindi kwenye CD. Alhamisi akamwita Tadeo sebuleni, akaweka CD kwenye deki. Tadeo alitazama nusu saa nzima amesimama. Kilipokwisha alimgeukia dada yake.

“Huyo mtu asiye na mikono ni nani?”

Otilia akamweleza yote, pamoja na salamu ya kwanza, hakujificha. Tadeo ni msemaji, akianza mpaka umshike mikono ndipo utapata nafasi ya kujibu. Siku hiyo alichukua kofia yake, akaondoka.

Jumamosi Otilia alikwenda studio akijua hatamkuta. Alimkuta. Alikuwa amevaa ovaroli la Fundi Haribu, mbao na misumari tayari mezani. Otilia akasimama mlangoni, kati ya studio na chumba cha kompyuta, anaona huku na huku. Saa kumi kamili taa nyekundu ikawaka. Tadeo akaja mbele ya kamera, akatia mikono yote miwili mfukoni, akasimama.

Dakika moja. Dakika tatu. Hakutabasamu, hakukunja uso. Salamu zikaanza kupita kifuani mwake.

“Amesahau?” Nickson aliuliza. “Mwambie aanze!”

Otilia akapunga mikono. Tadeo hakugeuka.

Dakika ya tano simu ikalia, ikafuatiwa na nyingine. Nickson akaweka moja kwenye spika, ikatoka sauti ya Mama Antonia: “Jamani, huyo fundi leo vipi? Anasema nini? Nimekaa na wajukuu hapa, hatuelewi kitu! Mnatufanya wajinga?”

Mkuki kwa nguruwe. Otilia akaichukua simu mkononi mwa Nickson bila kuomba.

“Shikamoo, Mama Antonia.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mama Noela wa Bagara. Wewe hujaelewa kitu kwa dakika tano, unapiga simu. Kwangu kuna watoto wanane hawajaelewa kitu wiki ya nne sasa, na kipindi ni chao. Waliowaziba macho ni wewe na salamu zako, na mimi na ya kwangu.”

Simu ikakatwa. Nyingine zikaendelea kulia. Nickson akazitazama, akairukia kompyuta, akabonyeza, na ukanda ukatoweka. Tadeo akabaki mzima kwenye kioo, kofia mpaka buti.

“Nimeondoa! Mwambie nimeondoa, na haurudi tena! Atoe mikono!”

Otilia akamwambia. Safari hii Tadeo alimwona. Alimtazama Nickson, akaitazama saa ya ukutani, akayarudisha macho kwenye kamera. Mikono ikabaki palepale. Nickson aliomba, akatukana, akaomba tena. Zikapita dakika ishirini na moja zilizobaki, taa nyekundu ikazimika, na Fundi Haribu akaondoka bila kumuaga mtu.

Otilia alikimbia nyumbani kuwatuliza watoto. Aliwakuta wamejipanga ukutani, wanane, mikono mfukoni. Wasio na mifuko walikuwa wameichomeka ndani ya sweta. Nyuso kavu.

“Mmeonaje?” aliwauliza kwa mikono.

Hakuna aliyejibu.

“Ukanda umeondoka. Jumamosi ijayo mtamwona vizuri.”

Hakuna.

Akapiga magoti mbele ya Noela. “Umenikasirikia, mwanangu? Niambie. Niambie chochote.” Akawa pale katikati ya sebule yake mwenyewe, anapunga mikono kwa watu wanaomwelewa vizuri kabisa na hawataki kumjibu.

Noela alimwacha mpaka akachoka. Kisha akatoa mkono mmoja.

“Subiri,” alisema. “Sisi tulisubiri.”

Akaurudisha mfukoni.