Mshale wa Mwalimu Anastazi

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Vita vilipopamba moto huko Kagera, kijiji chetu cha ujamaa pale Bukiriro kilinichagua kuongoza mgambo, na nilijua sababu. Hakuna aliyewahi kuniuzia mbuzi mgonjwa.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Mwalimu Anastazi wa shule yetu. Alitundika ukutani kitu cha shaba kama saa, chenye mshale mmoja tu. Kila asubuhi alikigonga kwa kidole, akaandika tarakimu daftarini. Alikiita baromita. Alisema kinapima uzito wa hewa, na mshale ukishuka, mvua iko njiani. Hewa ina uzito? Nimebeba mikungu ya ndizi tangu utoto, hewa sijawahi kuibeba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikapeleka barua kwa wakubwa, kwamba huenda ni jasusi.

Jibu likaja: mlete kambini Biharamulo, yeye na kifaa chake.

Tulipanda nyuma ya lori la maharage, mimi na bunduki, yeye na baromita mapajani. Jua lilikuwa kali, wingu hakuna. Tuliposhuka bonde la kwanza, mshale ukapanda. Nikamwuliza mbona mshale unachezacheza ilhali hali ya hewa ni ileile.

"Ndugu Novatus, huku chini hewa iliyotulalia ni nyingi zaidi, inakandamiza zaidi. Tukipanda kilima kile, utaona mshale unashuka."

Tukapanda, ukashuka. Alitabiri bonde la pili na la tatu, hakukosea hata mara moja. Mwingine angeridhika. Mimi niliogopa. Anayejua mshale utakwenda wapi kabla haujaenda, si ndiye anayeuamrisha?

Kambini, afande mmoja mwembamba alikigeuzageuza kile kifaa, kisha akaniambia niketi.

"Wanasema ni redio iliyofichwa," alisema. "Fundi wa kuifungua yuko mbali, na petroli ya kuizungusha milimani sina. Lakini baromita nazijua. Gari likipanda mlima, mshale hushuka. Likiteremka, hupanda. Redio haifanyi hivyo. Wewe umekaa nayo njia nzima. Mshale ulifanya hivyo?"

Mwalimu alinigeukia. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza siku ile.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Halafu nikashuku. Kwa nini afande ananipa jibu kabla ya swali? Nikisema ndiyo, ataniuliza mkulima wa ndizi kajifunza wapi kusoma chombo cha jasusi. Atasema tulipanga njiani. Nina mke, nina watoto wanne.

"Sikuangalia, afande."

"Ndugu Novatus," Mwalimu alisema taratibu, "mweleze tu ulichokiona."

"Nilikuwa naangalia barabara."

Afande akaandika. Askari akamwamuru Mwalimu avue mkanda na viatu, maana mahabusu hawaingii navyo. Nilitaka kusema kweli. Lakini hofu ilikuwa na nguvu zaidi.

Alivua bila haraka. Akaviringisha mkanda, akautia ndani ya kiatu kimoja, akanikabidhi mimi vyote.

"Nifikishie kwa mke wangu Zita," alisema, "na umwambie ulikuwa nami njia nzima, asiwe na wasiwasi."