Kinyozi Aliyejua Salamu Tu

Kule kwao walimwita Redio, na kwa jina hilo hawakumwonea. Alikuwa kinyozi, lakini watu walimwendea hata kama nywele hazijaota, mradi wakae kwenye benchi wamsikilize. Mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa akimnyoa mtu huku akimsimulia kisa cha mlevi aliyemwamkia mbuzi akidhani ni mkwewe, na mteja akicheka mpaka kinyozi mwenyewe amsihi atulie, asije akatoka na sikio moja.

Kisha mke wake, ambaye ni muuguzi, akapata kazi ugenini. Redio akafunga kibanda chake, akamuaga mama yake aliyembeba mgongoni na ambaye sasa alibaki peke yake, akamfuata mkewe. Huko ndiko redio ilikozimika.

Walipanga chumba kimoja chenye jiko dogo na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mkewe akienda kazini, Redio alipika, alifua, akapiga deki sakafu ambayo hakuna aliyeichafua. Mkewe akirudi, alimkuta mlangoni, chakula kiko mezani na maneno ya kutwa nzima yamemjaa kifuani. Aliyamwaga yote. Yule mama wa watu alimsikiliza mpaka akasinzia na kijiko mkononi.

Redio aliona, na iliuma. Kupika hakukumuuma, alikuwa mpishi mzuri na alijua hivyo. Kilichomuuma ni kusemewa. Dukani mkewe ndiye aliyemsemea, kwa daktari mkewe, kwa mwenye nyumba mkewe, naye amesimama nyuma yake na mfuko mkononi, mtu mzima na ndevu zake.

Siku moja akasema, "Mke wangu, baridi hii ikiisha sijapata kazi, mimi narudi nyumbani. Nitakungoja huko."

Mkewe akaweka chini kikombe. "Kwani ulinioa ili uningoje?"

Tangu siku hiyo somo la lugha lilianza kwa nguvu.

"Tuanze na vitu vya kazi," mkewe alisema. "Mkasi, wembe, ndevu, fupi, ndefu. Na kabla ya yote, jifunze kusema 'sielewi'."

"Hilo la nini? Nijitangaze ujinga kabla sijaketi? Nifundishe salamu."

"Watu wa huku hawaamkiani sana, bwana."

"Ni kwa sababu hawajakutana na mimi. Utamwambiaje mtu 'fupi' wakati hujamjulia hali?"

Mkewe alijua mabishano mengine ni kupoteza pumzi. Akamfundisha salamu. Umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto wanaendeleaje, na mama mzazi je, kazi zinakwendaje. Redio alikuwa na sikio la ajabu. Neno alilolisikia mara moja alilitoa vilevile lilivyoingia, na sauti yake na vituo vyake, hata kama maana yake haijui. Baada ya muda mfupi alikuwa anaamkia kwa lugha ile kama mtu aliyeinyonya kwa mama yake.

Akaanza kuzunguka saluni. Kwingine walimtikisia kichwa akiwa bado mlangoni. Mwishowe akafika katika saluni moja ya pembeni mwa mtaa, ndogo, safi, yenye viti vya kuzunguka na benchi la kungojea. Mwenye saluni alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, miwani imening'inia shingoni. Redio akamshushia salamu zote, moja baada ya nyingine, mpaka hali ya mama mzazi. Yule mwanamke akavaa miwani amwone vizuri. Akamuuliza jambo. Redio akasema ndiyo. Akamuuliza jingine. Redio akasema ndiyo, tena kwa furaha. Mwanamke akampa aproni.

Na nani angemlaumu yule mwanamke? Mtu anayekuulizia mama yako kwa ufasaha wote ule, utadhani hajui neno masharubu?

"Umemwambia hujui lugha?" mkewe alimuuliza jioni.

"Hakuniuliza."

"Labda alikuuliza."

"Basi nilimjibu ndiyo."

Wakacheka wote wawili hadi machozi. Mkewe ndiye aliyeacha kwanza. "Mwambie, baba. Kesho asubuhi, kabla hujashika mkasi."

"Nitamwambia nikishazoeleka."

Siku ya kwanza, mambo yalianza vizuri. Mteja mmoja alionyesha picha, mwingine alipima kwa vidole. Kisha akaja mwanamume mmoja mkubwa wa mwili, kofia kichwani, nywele zimemjaa mpaka shingoni. Redio akamvisha shuka, akampa salamu zake, hakuacha hata moja. Alipofika kwenye mama mzazi, yule bwana akamtazama kwenye kioo, akatabasamu kidogo, akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Redio alijisikia yuko nyumbani. Haya ndiyo mambo, soga limeanza! Mashine ilikuwa inapanda upande wa kulia, naye anaitikia, mmh, aha, ndiyo ndiyo. Sauti ya mteja ikapanda, ikakatika ghafla, midomo ikamcheza. Redio alikuwa fundi wa visa, alijua kila kisa kina mahali pake pa kuchekea. Akaangua kicheko, kile kicheko chake cha nyumbani kilichokuwa kikitikisa benchi.

Wateja wote kwenye benchi wakageuka. Yule bwana akajivua shuka mwenyewe. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa, wa pili bado kichaka. Akavaa kofia yake, akatoka.

Mwenye saluni akamuuliza Redio jambo. Redio akasema ndiyo. Akamuuliza tena, polepole. Ndiyo. Yule mwanamke akamtazama sana, akanyoosha mkono, akamvua aproni bila ukali wowote. Alikuwa ameelewa kwamba Redio haelewi.

Mkewe alipoingia mchana ule, alimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, hajapika. Akamsimulia.

"Kwani alisema nini?" mkewe akauliza.

"Ningejua ningecheka?" Lakini sikio lake lilikuwa limeshika. Akafumba macho, akayarudia maneno ya yule bwana, sauti kwa sauti, mpaka pale palipokatika.

Mkewe hakuwa amevua hata koti. "Ulimuulizia mama yake," alisema.

"Ndiyo, kama kawaida."

"Amesema mama yake ndiye aliyekuwa akimnyoa tangu utotoni, jikoni, juu ya kigoda. Hajawahi kunyolewa na mtu mwingine. Aliugua kwa miezi, wamemzika juzi. Anasema hakujua aende wapi, na nywele zinaota tu."

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwao, mtu akifiwa unaacha mkasi ulipo unakwenda. Huhitaji hata kusema kitu, unakaa tu, na kule kukaa kunatosha. Yeye alimcheka mfiwa machoni pake. Akalia, na mkewe akamwacha alie.

Aliponyamaza akasema, "Nifundishe pole yao." Akafuta uso. "Na lile neno nililolikataa."

Kesho yake alisimama mbele ya mwenye saluni, hakumwamkia hata kidogo. Alisema, "Sielewi lugha. Nilicheka kwa sababu sielewi. Nataka kumpa pole." Mwenye saluni akawaza, kisha akamwonyesha benchi.

Redio akaketi. Na siku iliyofuata akaja akaketi, na nyingine. Kule kwao angeambiwa amekaa msibani. Nywele zikijaa sakafuni alichukua fagio akafagia, akarudi kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia aje wala aondoke. Nje, baridi ilikuwa inaanza kulegea, na kule chumbani hakuna aliyelitaja jambo la kurudi nyumbani, ingawa wote wawili walikuwa wakilifikiria.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia yule bwana na kofia yake. Alipomwona Redio akasita. Redio akasimama, akasema yale aliyofundishwa. Pole kwa mama. Sielewi lugha. Nisamehe.

Yule bwana akavua kofia. Upande mmoja ulikuwa umeanza kuota, wa pili bado kichaka. Hakuwa amemruhusu mtu mwingine amguse. Akaenda kwenye kiti kilekile, akaketi.

Redio akawasha mashine. Yule bwana akasema neno, na Redio akaizima. "Sielewi." Yule bwana akarudia, polepole, akionyesha kwa mikono: jiko, kigoda, mkasi mdogo. "Sielewi." Akarudia tena. Kunyoa kichwa kimoja kulichukua muda wa vichwa vitatu, na hakuna aliyekuwa na haraka. Mwenye saluni alipita nyuma yao, akaitundika aproni kwenye msumari ulio kando ya kiti cha Redio, akaendelea na kazi zake.

Ilipokwisha, yule bwana alijitazama kwenye kioo, akashukuru, akafika mlangoni. Hapo akageuka.

"Na mama yako," alimuuliza, "hajambo?"

Redio aliwauliza wote swali hilo tangu afike, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia. Alielewa kila neno. Alifungua mdomo, na hapo ndipo alipogundua kwamba mkewe alimfundisha maswali tu. Akilini alimwona mama yake amekaa kizingitini peke yake, simu mapajani. Akaweka mkono kifuani, akaonyesha dirishani, mbali, machozi yakamlenga. Akasema kwa lugha ya kwao, kwa sababu hakuwa na nyingine, "Yupo. Lakini yuko peke yake."

"Sielewi," alisema yule bwana polepole, akarudi ndani, akaketi kwenye benchi amsikilize tena.