Mkamwana Mlangoni

Gari la sinema lilipoondoka Lushoto kuteremka Mombo, liliacha ugomvi sokoni. Watu wote walikuwa wameitazama picha ileile, uwanjani, wamejifunika mablanketi kwa sababu ya baridi, lakini ukiwasikiliza ungedhani kila mmoja aliona picha yake.

Ilikuwa picha ya Kiswahili, na waigizaji wake walikuwa Waafrika kama sisi. Mzee mmoja mlevi anataka kuuza ng'ombe wa mwisho aliyebaki nyumbani. Mwanawe yuko mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Aliyebaki ni mkamwana, yaani mke wa yule kijana, naye anasimama mlangoni na kumfokea baba mkwe wake mpaka majirani wanakuja mbio. Mzee aliigizwa na mtu wa pwani aitwaye Silvano. Kabla picha haijaanza, bwana wa kipaza sauti alitutangazia kwamba Silvano huyohuyo ndiye aliyeipanga picha yote. Ndiye aliyewaambia wenzake wasimame wapi, waseme nini na walie wakati gani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia: mtu mmoja anawezaje kuigiza na kupanga kwa pamoja?

"Umeona wapi nyapara akashika jembe?" alisema Halima, mwenzangu wa kuuza karoti. "Akishika jembe, nani atawaangalia wengine?"

"Mimi nimemwona," alijibu Athumani, aliyekuwa akipiga pasi ya mkaa kwenye baraza ya fundi Hezekia. "Kule Bulwa kwenye chai, nyapara wetu alichuma pamoja na sisi, na kapu lake lilijaa kuliko letu."

"Na ninyi mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunapumzika kidogo."

"Basi umejijibu mwenyewe, mzee wangu."

Watu walicheka. Hezekia hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kanisani, na tangu gari la sinema lilipokuja alikuwa hana habari nyingine. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja na kusema, "Ninyi hamkumtazama vizuri. Yule mtu alipolewa, hata vidole vyake vililewa. Nani mwingine angemfundisha hivyo? Ilibidi ajifundishe."

"Yeye sawa," Halima alisema. "Mimi nasema yule mwanamke. Alikuwa akifoka huku macho yake yapo kwenye kifungo cha koti. Anamfokea nani, kifungo? Alimwogopa Silvano. Hakumwogopa kama mkwe, alimwogopa kama bwana wa kazi."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya matenga, nafunga karoti mafungu. Nami niliyaona yale macho. Lakini sikusema. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu, mama alipojifungua mapacha na kukosa wa kumsaidia, na tangu hapo nilizoea kukaa nyuma ya kitu: nyuma ya tenga, nyuma ya Halima, nyuma ya mlango wageni wakija. Mtu akiniuliza bei, Halima ndiye aliyejibu.

Lakini kijitoni, tulipokuwa tukiosha karoti peke yetu, niliweza kusema. Nilisema kwa sauti za watu wengine. Nilikuwa mhubiri, nilikuwa Bwana Shamba anayekagua matuta, na baada ya sinema nikawa yule mkamwana. Halima alinisikia, akaacha karoti zikaenda na maji.

"Raheli, rudia."

Nilirudia. Siku hiyohiyo alikwenda kumwambia Hezekia.

Hezekia alikuwa akiandaa mchezo kwa ajili ya siku ya maonyesho ya kilimo, siku ambayo watu wa milima yote huleta kabichi zao kubwa na ng'ombe zao, na Bwana Shauri wa serikali huja kutazama. Mchezo wenyewe ulikuwa kisa kilekile cha ng'ombe na mzee mlevi, ila umehamishiwa kwetu. Yeye angekuwa mzee. Yeye pia angeupanga, kama Silvano. Alikuja nyumbani kumwomba baba ruhusa niwe mkamwana, na baba akasema, "Nenda. Lakini ukiona haya mbele ya watu, aibu itakuwa ya nyumba nzima."

Nilitaka sehemu ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikutaka kutazamwa. Nilitaka ile sauti ya kijitoni itoke mara moja mahali ambapo watu wangeisikia, nione kama ni yangu kweli.

Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la mboga, soko likishafungwa. Siku ya kwanza mambo yalikuwa mazuri mpaka zamu yangu ilipofika. Hezekia alikuja mlangoni akiyumba, ameshika kamba ya ng'ombe, na ulevi wake ulikuwa mzuri kweli. Nikafungua kinywa. Pale pale ulevi ukamtoka machoni. Aliacha kunitazama kama mzee, akaanza kunitazama kama fundi anavyotazama mshono wa mwanafunzi wake. Sauti yangu ikafa.

"Foka!" alisema. "Picha uliiona, si uliiona? Alifoka namna gani?"

Nikajaribu. Ikatoka kama ya paka.

Alikaa hapo akanieleza, akasimama akawa mlevi tena, akaacha ulevi akanieleza tena. Kila nilipomwona mzee, fundi alikuwa nyuma yake akinipima. Jenoveva, binti wa jirani yetu aliyekuwa anaigiza majirani wanaokuja mbio, aliegemea magunia akitafuna muwa. Yeye angeweza kufoka. Sauti ya Jenoveva ikiita mbuzi, inasikika ng'ambo ya bonde.

"Nitakupa nafasi nyingine," Hezekia aliniambia. "Ukishindwa, Jenoveva atashika mlango. Usinichukie, Raheli. Siku ile siwezi kupanda jukwaani na mtu asiyesikika."

Sikumchukia. Alikuwa na haki.

Mazoezi yaliyofuata alikuja na koti la marehemu baba yake, refu, limepauka mabegani, na bakora yake pia. Alitaka kulizoea. Alitoka nje ya ghala, akaingia polepole na kamba mkononi, na safari hii aliyeingia hakuwa Hezekia. Alikuwa mzee, mgongo umeinama, anatafuta mlango kwa bakora. Nikachuchumaa, nikainamisha uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu.

Ghala zima lilicheka. Jenoveva alipaliwa na muwa. Hezekia akanyooka ndani ya lile koti, uso umebadilika.

"Nani amekwambia uniamkie? Asubuhi si tulishaamkiana?"

"Tuliamkiana, kaka."

"Sasa?"

Sikuweza kumweleza. Asubuhi nilimwamkia Hezekia. Huyu mwingine ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

"Kwenye picha hakumwamkia," Hezekia alisema. "Anamzuia mlevi, halafu anamwamkia! Watu watatucheka kama hawa wanavyocheka."

Halima alikuwa amekuja kunisubiri turudi nyumbani, na hakuwa mtu wa kunyamaza. "Fundi, hebu niambie. Aliyeitikia marahaba ni nani, na anayekasirika sasa ni nani?"

"Halima, nenda kauze karoti zako."

"Nimeshauza. Nauliza tu. Maana uliitikia haraka, wala hukufikiri."

 Hezekia alilivua lile koti, akalikunja vizuri, akasema kwamba walau leo nimesikika, hivyo mlango utabaki wangu, tukutane siku ya maonyesho, na kwamba siku hiyo nisimwamkie mtu. Nifoke.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na Halima. Njiani akasema, "Tangu tulipoitazama ile picha, kuna kitu kinanisumbua. Sisi huku, mwanamke akikutana na baba mkwe wake njiani, hufanya nini?"

"Humpisha. Hutoka njiani, akachuchumaa, akamwamkia."

"Na akimwona mlangoni?"

"Humpisha vilevile."

"Basi yule mwanamke wa Silvano alianza kufoka kabla hatujajua anavunja nini," alisema. "Alifoka kama anafukuza ndege."

Siku ya maonyesho ukungu uliondoka mapema. Kabichi zilipangwa juu ya meza ndefu, na Bwana Shauri alikuwa na kiti chake, majumbe wakiwa kando yake. Mbele kabisa, chini kwenye majani, walikaa wanawake wazima, wengi wao wenye wakamwana wao nyumbani. Jukwaa letu lilikuwa mbao juu ya mapipa, na fremu ya mlango tuliyoazima kwa seremala. Ng'ombe hakuwapo. Athumani alikaa nyuma ya pazia na kulia kama ng'ombe, na alilia vizuri hivi kwamba ndama mmoja wa maonyesho alimjibu, na watu wakafurahi.

Halafu mzee akaja. Koti, bakora, kamba. Aliyumba, akajishika kwenye fremu, akajaribu kuifuta midomo yake kwa mkono ulioshika kamba.  Ilikuwa zamu yangu kufoka.

Niliwatazama wale wanawake wa mbele. Hawakuwa wanasubiri kelele. Walikuwa wananitazama miguu, waone kama nitampisha.

Nikachuchumaa kwenye kizingiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee.

Neno lile mwanangu halikuwa kwenye mchezo. Hakuna aliyecheka. Nilijua alichotarajiwa kukisema sasa, na alikisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Nipishe nipite."

Sikusogea. Nilikuwa nimechuchumaa, uso chini kama inavyopasa, na nilikuwa nimeuziba mlango wote.

"Nipishe, mwanangu."

"Ng'ombe huyu haendi, baba," nilisema. Yalikuwa maneno yaleyale niliyoambiwa nifoke. "Watoto hawana kingine."

Minong'ono ikapita kwa wale wanawake kama upepo kwenye migomba. Juu yangu nilisikia mnong'ono, na huo ulikuwa wa Hezekia, si wa mzee: "Foka! Raheli, foka!" Sikufoka. Nilikaa. Kisha mnong'ono ukakoma.

Kwenye picha, na kwenye mchezo wetu kama ulivyopangwa, hapo mzee anainua bakora na kuupiga mlango, na majirani wanakuja kumshika. Aliinua bakora. Niliona kivuli chake kwenye mbao. Kikakaa juu. Ungemwinuliaje bakora mtu aliyekuamkia sasa hivi, ukamwitikia, ukamwita mwanao, naye bado amechuchumaa mbele yako? Nadhani Hezekia alitaka kuushusha ule mkono upige mlango. Mzee alikataa. Kivuli kilishuka polepole, bakora ikagusa mbao bila sauti, na yule mzee akakaa chini upande wa pili wa kizingiti, kamba imelala mapajani, akaanza kulia.

Jenoveva na majirani wenzake walifika mbio, wakiwa na kelele zao tayari, na hawakukuta ugomvi wa kuamua. Walisimama tu. Mmoja wao alisema, "Kumbe wanaongea," na mchezo ukaisha hapo, kwa sababu hakuna aliyejua uendelee vipi.

Siku ya soko iliyofuata baraza ya Hezekia haikuwa na nafasi ya kupita. Athumani alikuwa ameshika pasi hewani, mkaa unazimika.

"Mimi sasa nimeamini," alisema. "Mtu anaweza kuigiza na kupanga. Fundi, umempita Silvano. Yeye na gari lake na kipaza sauti, hakufikiria kwamba mkamwana ataamkia kwanza. Wewe umefikiria!"

"Ameupanga mchezo vizuri sana," mwingine aliunga mkono. "Mke wangu anausimulia mpaka sasa."

"Hata ile bakora kusimama hewani," alisema Athumani. "Nilichungulia kwenye pazia, nikasahau kulia kama ng'ombe. Uliipangaje ile?"

Mimi nilikuwa nyuma ya matenga. Hezekia alikuwa na uzi mdomoni. Angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungetosha. Aliutoa uzi.

"Sikuipanga," alisema. "Mimi nilipanga kelele. Nilikuwa namnong'oneza afoke, pale pale jukwaani, mkinitazama."

"Sasa nani aliipanga?"

"Mimi niliitikia tu. Aliyeamkia yupo pale. Muulizeni."

Wote wakageuka. Halima alikuwa karibu kabisa nami, na nilimwangalia anijibie kama kawaida, lakini alikuwa ameinama, anapanga karoti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Haya, binti," Athumani alisema kwa upole. "Mtu unataka kumzuia. Kwa nini umwamkie?"

Uso wangu ulikuwa wa moto. Nilitafuta sauti ya mhubiri, nilitafuta ya mkamwana, zote hazikuwapo.

"Nisingemwamkia angekuwa mlevi tu," nilisema, "na mlevi akizuiwa hupiga. Nilipomwamkia ilibidi awe baba."

"Anasemaje?" mtu wa barazani nyuma kabisa aliuliza. "Huku hatusikii!"

Nikasogeza tenga pembeni, nikasimama, nikasema tena.