Magunia ya Upepo

Mwaka wa tisini na sita, kiwanda kimoja cha chai upande wa Litein kilikuwa bado na desturi ambayo wageni waliiona ni wazimu. Kila Desemba, siku ya familia, madereva walishindana kwa magari yao wenyewe au ya kuazima, na mshindi alipewa kikombe na kazi ya kufundisha madereva wapya. Mwalimu aliruhusiwa kufanya kazi mpaka miaka sitini. Wengine wote walirudishwa nyumbani wakifika hamsini na tano.

Gibson Kipkurui alikuwa anafikisha hamsini na tano mwezi wa Januari. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameendesha lori la majani mabichi, na hakuna kitu kilichomtia hofu kama kuketi nyumbani akitazama ng'ombe wakimtazama. Mkewe Rodah naye hakumfariji.

"Ukishinda hapa mchana kutwa, Baba Janeffer, mmoja wetu atahama. Na si mimi."

Basi Gibson akaenda kuazima gari kwa Syprose, fundi wa magari kutoka pande za ziwa, mwenye gereji hapo Litein. Kuna Mzungu wa shamba aliyekuwa amemwachia mama huyu magazeti ya magari ya mashindano ya ng'ambo, yale yenye mabawa mbele na nyuma. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani, kwa hiyo Syprose alisoma picha. Miezi mitano alikuwa akikunja mabati, mpaka gari lake kuukuu likapata bawa moja mgongoni na jingine chini ya pua.

"Bawa la ndege linainua," alimweleza Gibson. "Hili nimeligeuza. Upepo unalikandamiza chini. Ukikimbia sana, gari inakuwa nzito na hujabeba kitu. Tairi zinashika lami kama kupe kwa sikio la ng'ombe."

"Na breki?"

"Mwendo ukiwa juu, kanyaga bila huruma. Hazitateleza."

Wanasema siku gari hilo lilipojaribiwa, kuku wa kando ya barabara walilazwa kifudifudi na upepo wake, wakaamka saa nane. Mashahidi wa kuku hao ni wengi na wote ni waongo. Lakini bawa lilifanya kazi, hilo halina ubishi.

Njia ya mbio ilikuwa kilomita moja ya lami katikati ya chai, ikiteremka moja kwa moja, halafu kona kali kushoto mbele ya kibanda cha kupimia majani, na mstari wa mwisho hapo karibu. Kila dereva alikimbia peke yake mara mbili, na muda wake ulio bora ndio uliohesabiwa. Ukitoka nje ya lami, mara hiyo imepotea.

Alexander Nyang'au, dereva kijana mwenye maneno mengi, alipita kwanza akapiga kona vizuri sana. Kisha ikawa zamu ya Gibson. Aliteremka kwa kasi ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, na alipokaribia kona akakanyaga breki kama alivyozoea lori likiwa limejaa: kwa nguvu zote, na mguu ukabaki pale pale. Mwanzoni gari lilishika mpaka kofia ikamruka kichwani. Halafu, karibu kabisa na kona, mwendo ukiwa umeshapungua, tairi zikagoma kuzunguka, zikalia. Aligeuza usukani, gari halikusikia. Lilinyooka na kuingia kwenye chai.

"Mzee!" Nyang'au alipaza sauti. "Kikapu umebeba? Hiyo safu imechumwa jana!"

Watu walicheka. Gibson alitoka na majani kwenye kola, akamwendea Syprose.

"Dada, umeniambia hazitateleza."

"Nilisema mwendo ukiwa juu, mzee wangu. Lori yako ikijaa, magunia yanashuka lini?"

"Kiwandani. Tukishasimama."

"Haya. Huu mzigo ni wa upepo, na upepo haungoji kiwanda. Mwendo ukishuka nusu, mzigo unabaki robo tu. Mguu wako unasimamisha lori imejaa, na gari ilishabaki tupu zamani."

Gibson alitazama alama nyeusi za tairi kwenye lami. Lori tupu alilijua vizuri: kwenye lami yenye ukungu ukigusa breki vibaya linateleza kama sabuni. Hakuna dereva aliyeweza kumfundisha jambo hilo. Ila mzigo unaoshuka wenyewe njiani, gari likitembea, hilo hakuwahi kuliona.

"Kwa hivyo nikanyage kwa nguvu kwanza," alisema polepole, "halafu niachilie kila gunia likianguka."

"Mimi ningesema kwa hesabu. Lakini hata hivyo sawa."

Walisukuma gari, wakang'oa matawi yaliyonasa kwenye bawa la mbele. Mara ya pili Gibson aliteremka bila kumtazama mtu. Alikanyaga breki baadaye kuliko mwanzo na kwa nguvu zaidi, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti. Gunia la kwanza, mguu ukalegea kidogo. La pili. La tatu. La kumi lilipoanguka, mguu ulikuwa unagusa tu pedali, tairi zinazunguka, na gari likageuka kushoto kama limeitwa jina.

Orina, mkuu wa usafiri, alitazama saa mara mbili. Nyang'au alikuwa amemshinda Gibson kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Gibson alivua kofia. Rodah, aliyekuwa amesimama na akina mama wengine, aliinamisha uso.

"Mwalimu wetu ni Nyang'au," Orina akatangaza. "Njoo, kijana, waeleze hawa wapya ulivyofunga breki."

Nyang'au alijikuna kisogo. Madereva wapya sita walimkodolea macho.

"Mimi... nakanyaga tu. Halafu naomba Mungu."

"Na lori ikiwa tupu?" Orina akauliza.

"Naomba zaidi."

Kicheko kilipopoa, kijana alimgeukia Orina, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mkuu, mimi nitachukua kikombe, nimekishinda. Lakini hii kazi mpe mzee. Mimi nilibahatisha mara mbili. Yeye alikosea, akajua ni kwa nini, akarekebisha hapo hapo. Nimemsikia akihesabu mpaka huku."

Orina aliwatazama wote wawili, kisha akatoa kalamu mfukoni, akaandika jina la Gibson.

"Na wewe Nyang'au utakuja darasani?" Gibson aliuliza.

"Nitakuja, mzee. Lakini usinikalishe mbele."