Ubavu wa Kulia

Jumatatu saa nne asubuhi Fausta alikuwa anachambua maharage kwenye meza yake ya kupokelea wageni wa msitu, pale njia ya matembezi inapoanzia, mgeni alipotokea kutoka ndani ya msitu, ambako wageni huwa hawatokei. Alivaa suti ya kijivu iliyompwaya na tai ya shule, miguu mitupu. Mabegani alikuwa na udongo mwekundu. Shingo yake ilikuwa imekakamaa.

"Habari za kazi, dada. Naweza kutembea na mimi?"

Fausta alimweleza kama alivyowaeleza wote: njia ni nyepesi, dakika arobaini, inafuata mto hadi daraja la miti na kurudi, hata mwenye presha anaimudu. Mgeni akasema presha ilimwacha tangu Februari. Aliitwa Yusuf, dereva wa lori, na alikuwa amezikwa hapo nyuma ya mikuyu.

Fausta akafunika maharage kwa ungo, wakaondoka.

Kaburi lenyewe alilijua. Makaburi ya mji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo kipande cha msitu kilimegwa kuzikia wasiojulikana. Siku ya maziko yeye na kwaya ya kanisa waliimba beti zote nne, kwa kumwonea huruma mtu asiye na wa kumlilia. Suti ilitolewa na mzee wa kanisa. Fundi alichonga msalaba bila kudai chochote.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia ilinukia majani. Ndege kulukulu alilia juu ya mizambarau. Yusuf alikwenda taratibu, akigusa magome kama mtu anayesalimia majirani. Kwenye mkuyu mmoja alisimama.

"Mzizi wa huyu ndio unaopita mgongoni kwangu," alisema. "Ni mti mstaarabu. Haunisukumi."

Walipofika darajani alisimulia yaliyobaki. Alikaa siku kumi na mbili kwenye foleni ya malori ya kwenda Tunduma, akiwa na homa. Tajiri wake, mwenye lori, alimwambia kwa simu asiuache mzigo. Siku ya kumi na tatu alikata roho, tajiri akaja mwenyewe, akachukua funguo, leseni na simu ya marehemu, akawaambia polisi kwamba hamfahamu, labda ni mtu wa lifti. Mtu wa lifti hafidiwi. Tangu hapo Sabra, mkewe aliyeko Lindi, alikuwa anaipigia simu ile kila siku, nayo ilikuwa inaita ndani ya droo ya tajiri.

Yusuf hakulalamika sana. Kutoka kaburini alikuwa anaweza. Tatizo, kila akirudi alijikuta chali vilevile, sanduku limembana mabega, naye alifundishwa tangu utoto kwamba mtu hulala kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Hapo ndipo alipokuwa hapati usingizi.

Namba ya Sabra aliijua kwa kichwa. Fausta akapiga akiwa amesimama darajani. Alimweleza yote, taratibu, kama ambavyo angependa kuelezwa yeye. Upande wa pili wakasikika kuku.

"Mlimlaza ubavu wa kulia?" Sabra aliuliza hatimaye.

Fausta aliyatazama maji.

"Hapana, dada. Lakini nitamlaza. Nakuahidi."

Mchana huohuo waliongozana hadi ofisini kwa Hezron, mwenye dhamana ya msitu na makaburi. Hezron alikuwa mtu mwema. Alimvutia marehemu kiti. Akaeleza kwamba kaburi hufunguliwa kwa kibali, na kibali hutolewa ndugu akifika na leseni ya marehemu. Leseni iko kwa tajiri, na tajiri hamfahamu. Yusuf akasema yeye mwenyewe yupo, wamwandike. Hezron akatikisa kichwa kwa huruma: kwa taratibu, marehemu hawezi kujitambua mwenyewe.

Wakati wanatoka alimvuta Fausta pembeni. Alimkumbusha kwamba mkataba wake ungesainiwa Ijumaa, baada ya miaka mitatu ya kujitolea tangu amalize chuo, na kwamba nyumbani kwao Ihanda wazazi walishatangaza hata kanisani. Anayefukua kaburi bila kibali hawezi kuajiriwa katika msitu huo.

Fausta alikwenda kwa mzee Bashiri wa msikitini, muuza vipuri kwenye maegesho ya malori. Bashiri alisikiliza, akacheka hadi akakohoa.

"Mmemlaza chali kama anahesabu mabati, halafu mkamfunga na tai. Mlidhani anakwenda kwenye usaili?"

"Tulidhani tunamheshimu, mzee."

Bashiri aliacha kucheka. Alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

"Mlimheshimu, binti. Ijumaa asubuhi njoo na jembe."

Ijumaa saa mbili walichimba. Yusuf aliketi kwenye mzizi wa mkuyu, amelikunja koti mapajani, na mara moja moja aliwaonyesha pa kukwepa ili wasiukate. Sanduku lilipotoka, Bashiri na vijana wawili wa msikitini walimwosha Yusuf mtoni na kumvika sanda, Fausta akiwa amewapa mgongo. Msalaba aliuchukua yeye, akaufuta udongo na kuuegemeza kwenye mti. Kisha Yusuf akateremka mwenyewe, akaweka kichwa pale ilipokuwa miguu, akalala kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini kwenye kibla.

Bashiri, akiwa ndani ya kaburi, aliomba donge la udongo la kumwekea chini ya shavu. Fausta alikuwa analifinyanga Hezron alipofika, viatu vimelowa, na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa mkataba. Aliuchana vipande vinne, akaanza kusoma ile nyingine, barua ya kumwondoa Fausta msituni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma msibani. Alipofika kwenye tarehe alimuuliza Fausta kama kweli asingeweza kungoja kibali. Fausta akajibu kwamba alishamwahidi mtu.

Barabarani malori matatu ya tajiri yalipita kuelekea Tunduma, moja nyuma ya jingine. Katika lile la mwisho dereva alikuwa anakohoa.

Fausta alipiga magoti ukingoni, akamteremshia Bashiri donge. Yusuf alikuwa ameshafumba macho, lakini aliinua kichwa kidogo ili kuwarahisishia kazi.