Ngazi ya Saba

Jumanne, kipindi cha tatu, Mwalimu Onodera alipuliza filimbi, na darasa la tano wakasimama kwa mikono kwenye ukuta wa ukumbi wa mazoezi. Nyumbani jambo hilo huitwa sakadachi. Shuleni, palipo na filimbi, huitwa toritsu, nalo hupewa alama. Hesabu ilipofika kumi wote walishusha miguu isipokuwa Chinatsu. Yeye aliangukia juu, taratibu, mpaka nyayo zake zikagusa dari.

"Nyoosha vidole vya miguu," alisema Mwalimu Onodera, akaandika alama.

Tangu hapo Chinatsu alitembea darini. Mama yake alimfunga kwenye meza kwa mkanda wa kimono ili ale na wenzake.

Kilichomkosesha raha ni pacha wake, Kohei. Siku ya michezo ilikuwa Jumapili, na Kohei alipangwa katikati ya safu ya chini ya piramidi ya watoto: ngazi saba, watoto ishirini na wanane. Kifundo cha mkono wake kilivunjika Juni na hakijaunga sawasawa.

"Mwalimu, mkono bado unauma."

"Nani hapa haumwi? Jikaze! Ukitoka wewe, wenzako watapanda wapi?"

Kohei akainamisha kichwa, akaomba radhi. Chinatsu aliyasikia yote kutoka darini, akamchukia mwalimu yule kwa moyo wote. Akaomba nafasi ya kileleni, akapewa. Kisha akawanong'oneza wenzake, mmoja mmoja: "Ukishapanda, kamata shati la aliye chini yako. Usiachie."

Jumapili, filimbi ya kwanza, wakapiga magoti. Ya pili, wakapandana. Chinatsu, aliyefungwa kamba asipae angani, alivutwa chini hadi kileleni, akakamata kola mbili, akaacha mwili uende juu. Chini kabisa, mzigo wa Kohei ukapungua ukawa kama wa mkoba wa shule.

Filimbi ya tatu, ya wote kulala chini kwa pamoja, ilichelewa, kwa kuwa wazazi walikuwa wanapiga picha. Mshono wa kola moja ukaanza kuachia. Kohei aliusikia, akafumba macho. Hatimaye filimbi ikalia.

Kohei alijaribu vidole vya mkono ule. Vyote vitano vilicheza.

Mkuu wa shule alikuwa anafuta machozi. "Haikutikisika hata kidogo," alisema. "Mwakani, ngazi nane."

Mwalimu Onodera aliandika majina papo hapo. Kileleni aliweka mtoto mwingine, maana kila mzazi anataka picha ya mwanawe pale. Katikati ya safu ya chini alimrudisha Kohei, kwa kuwa ameonyesha anaweza.

Kohei akainamisha kichwa, akashukuru.