Maziwa ya Adey

Mbuzi wa Shamis, Adey, aliingia wodi ya watoto ya Habaswein baada ya sala ya magharibi, akapita kati ya vitanda hadi kwa Ugbad, akasimama. Mbuzi huyo alikuwa amekufa tangu Jumatatu. Shamis akamlaza vizuri bintiye, akachukua kikombe cha bati, akachuchumaa, akaanza kukamua.

"Huyo ni mzoga, abaayo, dada yangu," alisema mama wa kitanda cha pili.

"Mzoga hulala," alijibu bibi Habibo wa kitanda cha tatu. "Huyu kasimama. Kamua."

Ilikuwa 1996, mwaka wa ukame. Wanaume walikuwa wamehamisha mifugo kwenda mbali, upande wa Tarbaj. Nyumbani waliachwa mbuzi wachache wa maziwa ya watoto, kama desturi ilivyo. Ndipo likaja gari la kituo cha majaribio ya dawa, likitafuta mbuzi wenye afya kando ya barabara. Wenye afya walikuwa hao tu. Shamis alimtoa Adey kwa sababu aliambiwa dawa inayojaribiwa ni ya watoto wenye utapiamlo. Ilikuwa dawa ya kuongeza hamu ya kula, na Adey akafa kituoni ikijaribiwa.

Daktari Fosia alimkuta mbuzi wodini, akampisha, akampima Ugbad mkono kwa utepe. Mkono ulikuwa umenenepa kidogo. Jioni zilizofuata walikuja mbuzi wengine, kila mmoja kwa mtoto wake, na mashavu yakaanza kujaa. Mfagizi alilalamika kuhusu mavi tu.

Fosia akaenda kituoni kumwona Hared, msimamizi.

"Sisi madaktari tumeshasema, watoto hawa wana hamu tele. Wanachokosa ni maziwa. Warudisheni mbuzi waliobaki majumbani. Dawa yenu ipimeni kwa chembe hai za mwili, ndani ya chupa."

"Chupa hailii, Daktari," Hared alisema kwa upole. "Ikiumia tutajuaje?"

"Wale mliowaua wanalisha wodi yangu."

Hared akaweka chai yake chini. "Maziwa hayo yamepimwa?"

"Bado."

"Wallahi, Daktari! Unawapa watoto kitu ambacho hakijajaribiwa?"

Kesho yake magharibi gari lilisimama mlangoni mwa wodi. Mbuzi walifungwa miguu wakapakiwa. Adey hakulia, kilio chake kilikwisha mara ya kwanza. Aliyelia ni Ugbad.

"Huyo mlishamuua!" Shamis alimshika dereva shati. "Mnamtakia nini tena?"

"Ni kupima maziwa, mama, mara moja tu," dereva alisema, akamsubiri aachie.

Kituoni mbuzi wakafa tena. Jioni ya pili walirudi vilevile, ila viwele vilikuwa vimekauka. Shamis alikamua hivyohivyo. Fosia aliomba maziwa ya unga kutoka Garissa, akaambiwa yako njiani. Mkono wa Ugbad ukazidi kukonda ndani ya utepe, na Ijumaa wakamzika.

Jioni hiyo Shamis alikuja kuchukua kikombe chake. Adey aliingia kwa wakati wake, na Ugbad nyuma, ameshika mkia, mashavu yamejaa. Kitandani kwake alikuwa amelazwa mtoto mwingine. Ugbad akapanda, akamsogeza kidogo, akakaa.

Shamis akachuchumaa chini ya kiwele kikavu.

"Hooyo, mama, mimi sina njaa tena," Ugbad alisema. "Mpe huyu."

Nje, gari la kituo lilikuwa linapita kuelekea kaskazini, kutafuta mbuzi wenye afya.